Diski ya kompyuta inapogonga: Mlio upi ni wa mpangilio, upi ni wa kifo?

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kuharibika kwa diski kuu ya kompyuta mara nyingi ni sauti. Mtu anayetumia kompyuta mpakato yenye mfumo endeshi wa Linux huweza kuketi usiku, nyumba ikiwa kimya, akasikia ndani ya mashine mlio mdogo: "tik", kisha kimya, kisha "tik" tena. Wapo wanaoupuuza mlio huo kwa miezi mingi, hadi siku faili zinapokataa kufunguka. Wapo pia wanaokimbilia kwa fundi na kulipia diski mpya, ilhali tatizo lingeweza kuondolewa kwa amri moja tu. Makundi yote mawili hupata hasara kwa sababu ile ile: hayakutofautisha mlio wa diski inayosumbuliwa na mpangilio mbaya na mlio wa diski inayokufa.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Kompyuta ikiharibika hununuliwa nyingine, lakini tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka za miaka mitano au picha za mzazi aliyekwishafariki havinunuliki popote. Kwa hiyo ni vema kila mwenye kompyuta ya aina hii ajue mambo machache kuhusu kifaa kinachomtunzia mali yake.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba diski iliyomo ndani ni ya aina inayozunguka. Kompyuta nyingi mpya za leo hutumia SSD, ambazo hazina kitu chochote kinachozunguka wala kugonga. Hata hivyo, miongoni mwa kompyuta zilizokwishatumika bado zipo zenye diski za zamani, na hizo ndizo ambazo wengi huziwekea Linux kwa kuwa ni nyepesi na haiuzwi. Amri ifuatayo huonyesha aina ya diski:

lsblk -d -o NAME,ROTA

Penye namba 1 pana diski inayozunguka. Penye 0 pana SSD. Ukiona 0, mlio unaousikia hautoki kwenye diski, na tutaeleza hapo chini unakoweza kuwa unatoka.

Ndani ya diski inayozunguka mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku. Katika kompyuta mpakato, sahani hizo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa kila sekunde. Juu yake huelea vichwa vya kusomea na kuandikia vilivyofungwa kwenye mkono mdogo. Umbali kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele mmoja wa binadamu ni nanomita makumi ya maelfu. Kichwa kikigusa sahani inayozunguka kwa kasi hiyo, hukwaruza utando, na yaliyoandikwa hapo hupotea.

Kwa kuwa kompyuta mpakato hubebwa huku na kule, na huweza kuangushwa, watengenezaji walibuni njia ya kuviegesha vichwa pale visipokuwa na kazi. Mkono huviondoa juu ya sahani na kuvipandisha kwenye kijukwaa kidogo cha plastiki kilichoko ukingoni. Vikiwa hapo, diski hustahimili mtikisiko zaidi na hutumia umeme kidogo. Kitendo hicho cha kuegesha na kuondoa ndicho kinachotoa ule mlio wa "tik". Kwa hiyo mlio wenyewe si ugonjwa; ugonjwa huanza pale kitendo hicho kinaporudiwa mara nyingi kupita kiasi.

Hapo ndipo Linux inapoingia katika kisa hiki. Mfumo huo, kama mifumo mingine, huandika mambo madogo madogo kwenye diski hata pale mtumiaji asipogusa kitu: kumbukumbu za matukio, orodha ya mabadiliko ya faili, na saa ambayo faili ilisomwa mara ya mwisho. Katika mpangilio wa kawaida wa ext3 na ext4, ambazo ni njia mbili za kupanga faili zinazotumika sana katika Linux, mabadiliko yaliyopo hupelekwa kwenye diski kila baada ya sekunde 5. Sasa chukua diski iliyopangwa na mtengenezaji wake iegeshe vichwa baada ya sekunde chache za utulivu. Itaegesha, mara mfumo utataka kuandika mstari mmoja, vichwa vitarudi juu ya sahani, kisha vitaegeshwa tena. Mchezo huo huendelea mchana kutwa.

Suala hili lilizua mjadala mkubwa mwaka 2007 miongoni mwa watumiaji wa Ubuntu, mojawapo ya matoleo mashuhuri ya Linux. Taarifa ya tatizo ilikuwa imekwishafikishwa kwa waendelezaji wake tangu mwaka 2006, lakini ni mwezi Oktoba 2007, wakati toleo la 7.10 lilipotoka, ndipo habari ilipoenea kwamba Ubuntu "inaua" diski za kompyuta mpakato. Waendelezaji walieleza kwamba katika hali ya kawaida mfumo wao haukuwa ukibadili mpangilio huo wa diski, bali thamani kali ilikuwa ikitoka kwa watengenezaji wa diski au wa kompyuta zenyewe. Maelezo hayo hayakumsaidia sana yule aliyekuwa akisikia diski yake ikigonga, lakini yalionyesha ukweli mmoja: kosa halikuwa la upande mmoja, bali lilitokana na tabia mbili zisizopatana. Baadaye, katika kiini cha Linux toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, uandishi wa saa ya kusomwa kwa faili ulipunguzwa. Hata hivyo, diski yenye mpangilio mkali huweza kugonga hadi leo.

Uzito wa jambo hili huonekana katika hesabu. Diski nyingi za kompyuta mpakato zilitengenezwa kustahimili kuegeshwa mara 600,000 hivi. Ikiwa vichwa vinaegeshwa mara 2 kwa dakika, hiyo ni mara 120 kwa saa. Kwa mtu anayetumia kompyuta saa 8 kwa siku, ni mara 960. Kwa mwendo huo mara 600,000 zitakwisha baada ya siku 625, yaani chini ya miaka miwili. Ikiwa ni mara 4 kwa dakika, muda huo hupungua hadi siku 312. Kufika kiwango hicho hakumaanishi kwamba diski itakufa siku hiyo hiyo, bali kwamba imevuka mipaka ambayo mtengenezaji aliikusudia.

Je, mtu atajuaje kwamba mlio anaousikia ni huu na si ule wa hatari? Kuna jaribio moja rahisi ambalo lina faida hata kama jibu ni baya: nakili nyaraka zako zote muhimu kwenye diski ya nje. Wakati wa kunakili, diski haina nafasi ya kupumzika, kwa hiyo haiegeshi vichwa. Ikiwa mlio unakoma kazi inapoendelea na kurudi mashine inapotulia, na faili zote zinanakiliwa bila kukwama, kuna kila dalili kwamba ni mlio wa kuegesha. Ikiwa mlio unazidi wakati wa kusoma faili, na kompyuta inaganda, basi diski ni mgonjwa. Kwa vyovyote vile, utakuwa umekwishaokoa kitu.

Baada ya hapo fuata ushahidi wa namba. Diski zina utaratibu wa kujipima uitwao SMART, na programu ya smartmontools huusoma. Katika Ubuntu na Debian, programu hiyo na nyingine tutakayoihitaji husakinishwa hivi:

sudo apt install smartmontools hdparm

Kisha andika amri ifuatayo, ukiweka jina la diski yako mahali pa sda:

sudo smartctl -A /dev/sda

Katika jedwali litakalotokea tafuta mstari wa Load_Cycle_Count, ambao kwa kawaida ni namba 193. Safu ya mwisho huonyesha diski imeegesha vichwa mara ngapi tangu ianze kutumika. Andika namba hiyo, subiri dakika 10 bila kufanya kazi kubwa, kisha rudia amri. Ikiwa namba imeongezeka kwa 1 au 2, hakuna la kuhofia. Ikiwa imeongezeka kwa 20 au 40, umempata mchawi.

Tiba yake ni kuiambia diski ipunguze ukali wa kubana umeme. Amri ya kwanza hapa huonyesha thamani iliyopo, na ya pili huibadili:

sudo hdparm -B /dev/sda
sudo hdparm -B 254 /dev/sda

Thamani hizo huanzia 1 hadi 254. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo diski inavyobana umeme zaidi. Kuanzia 127 kushuka chini huruhusiwa hata kusimamisha sahani zisizunguke. Namba 254 huitaka diski itumike kwa nguvu zote, na katika diski nyingi mlio hukoma papo hapo. Zipo diski ambazo hazipokei amri hii, na nyingine hurejea mpangilio wake wa awali kila kompyuta inapozimwa au inapoamka kutoka usingizini. Ili mpangilio udumu katika Ubuntu na Debian, huandikwa ndani ya faili la /etc/hdparm.conf. Aidha, anayetumia programu ya kubana umeme kama TLP hana budi kuweka thamani hiyo katika mipangilio ya programu hiyo, la sivyo itaifuta.

Lakini hakuna kizuri kisicho na gharama. Diski isiyoegesha vichwa hupata joto kidogo zaidi, hula betri zaidi, na huwa katika hatari kubwa zaidi ikiangushwa wakati inafanya kazi. Kwa kompyuta inayokaa mezani, 254 inafaa. Kwa ile inayobebwa kwenye daladala au matatu, ni busara kujaribu thamani ya kati, kama vile 192, na kuizima au kuilaza mashine kabla ya kuinyanyua.

Sasa tuje kwenye mlio wa pili, ule ambao hautibiwi kwa amri. Huu huwa na mpigo unaojirudia, "tak, tak, tak", mara nyingi tangu kompyuta inapowashwa. Hutokea pale vichwa vinaposhindwa kusoma alama zinavyovielekeza mahali pa kwenda, vikarudi mwanzo na kujaribu tena na tena. Pengine huambatana na sauti ya kukwaruza, au kompyuta hudai kwamba haioni diski. Katika jedwali la smartctl, mistari ya kutazama ni Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Offline_Uncorrectable. Hiyo huhesabu sehemu za sahani zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka, na kila moja inatakiwa kuwa 0. Namba inayopanda wiki hadi wiki ni onyo.

Hata hivyo, jedwali safi si hati ya usalama. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikipata hitilafu yake ya kwanza ya usomaji katika ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na hitilafu hiyo. Lakini waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika vipimo vinne vya SMART vyenye nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, namba mbaya iaminiwe, namba nzuri isiaminiwe sana.

Ikiwa diski ni mgonjwa, mpangilio wa hatua ndio huokoa au kuangamiza. Usiendeshe fsck wala programu nyingine ya kukarabati faili, kwa sababu huilazimisha diski kusoma na kuandika mahali pabovu. Zima mashine, iwashe kwa Linux iliyomo kwenye kidude cha USB, kisha tumia GNU ddrescue kunakili diski nzima kwenda kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zilizo nzima na kuziacha zilizo mbovu kwa ajili ya baadaye, tena huweka kumbukumbu ili uweze kuendelea pale ulipoishia. Ukarabati ufanyike kwenye nakala, kamwe si kwenye diski yenyewe. Ikiwa diski inagonga mfululizo na haionekani kabisa, izime na usiiwashe tena. Kila dakika ya kuzunguka huweza kukwaruza zaidi. Kuifungua nyumbani ni kuimaliza, maana chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Tumesema kwamba kuna milio isiyotoka kwenye diski. Feni yenye vumbi hukwaruza na kuvuma. Vilevile spika za kompyuta nyingi zenye Linux hutoa "tik" kila sauti inapokoma kwa sekunde chache, kwa sababu mfumo huzima kifaa cha sauti ili kubana umeme. Njia ya kuthibitisha ni kucheza wimbo kwa sauti ya chini kabisa: mlio ukipotea wakati wote wimbo unapoendelea, mtuhumiwa ni kifaa cha sauti.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kusikia mlio leo anaweza kuanza na nakala, akafuatia na namba, kisha akafanya uamuzi. Na hata asiyesikia chochote anahitaji nakala hiyo, kwa kuwa zipo diski zinazokufa bila kugonga hata mara moja.