Mpinduko wa Msuko na Usawiri wa Wahusika katika Hadithi za Picha za Upelelezi

Barua nyingi zinazofika kwenye meza yetu ya istilahi huulizia maneno ya sheria, ya tiba na ya uhasibu. Ni nadra kuulizwa juu ya hadithi za picha, zile ambazo wengi huziita katuni, kwa sababu watu wazima hudhani kuwa hayo ni mambo ya watoto. Kwa hiyo mfasiri mmoja alipotuandikia kutaka jina la Kiswahili la mhusika fulani wa hadithi za Batman, tulimjibu upesi bila ya kuisoma hadithi yenyewe. Jibu letu lilikuwa na kosa, na kosa hilo liliiharibu kazi yake. Makala haya yanakusudia kulisahihisha, na papo hapo kueleza istilahi ambazo tungependa wafasiri na walimu wa fasihi wazitumie wanapozungumzia msuko na wahusika wa hadithi za namna hii.

Mhusika aliyeulizwa ni Harvey Dent. Alianza kuonekana katika jarida la Kimarekani la Detective Comics, toleo la 66 la Agosti 1942, ijapokuwa wakati huo jina lake la ukoo lilikuwa Kent. Ni mwendesha mashtaka mwadilifu na mzuri wa sura. Mhalifu mmoja anammwagia tindikali mahakamani. Nusu ya uso wake inaungua na nusu inabaki kama ilivyokuwa. Tangu siku hiyo huamua mambo yake kwa kurusha sarafu yenye sura ile ile pande zote mbili, upande mmoja ukiwa umekwaruzwa. Jina lake la uhalifu kwa Kiingereza ni Two-Face. Sisi tulijibu: Ndumilakuwili.

Tulilifurahia jibu letu. Neno hili ni la asili, halikukopwa popote, na waliokuwa wakisoma jarida la Sani wanalikumbuka kuwa jina la mhusika wa katuni. Lakini ndumilakuwili ni yule nyoka ambaye kichwa chake na mkia wake havipambanuki kwa urahisi, na akisemwa binadamu kwa jina hilo, huwa ni mnafiki anayewachonganisha watu huku na huku. Dent hana unafiki huo. Upande wake wa pili hamfichi mtu: uso unaonekana na sarafu hurushwa hadharani. Neno letu lilimhukumu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Hata hivyo kulikuwa na madhara makubwa kuliko hayo. Kitabu kilichokuwa kikifasiriwa ni The Long Halloween, kazi ya mwandishi Jeph Loeb na mchoraji Tim Sale, iliyotolewa kwa matoleo 13 kati ya mwaka 1996 na 1997. Hadithi hii yahusu wakati Dent alipokuwa bado mzima wa uso. Kuna mwuaji anayeua watu siku za sikukuu, na jambo lote ni kutaka kumjua ni nani. Mfasiri wetu, kwa kutuamini, aliweka mwanzoni orodha ya wahusika, na mbele ya jina la Dent akaandika: “Ndumilakuwili”. Msomaji wa Kiswahili hakuwa na sababu ya kuendelea na upelelezi. Alikwisha kuambiwa kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba huyu wakili ni mtu wa nyuso mbili kwa tabia, na kila alilolitenda akalitazama kwa jicho la shaka, mahali ambapo mwandishi alitaka apendwe na kuhurumiwa.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba hatukuwa na istilahi ya kueleza kitu tulichokiharibu.

Walimu wa fasihi wanalo neno msuko, kwa maana ya mpangilio wa matukio, na wanalo neno taharuki, yaani ile hali ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Maneno haya mawili yamezoeleka mashuleni na hatuna ugomvi nayo. Bali tukio la ghafla linalobadili hadithi hupewa majina mengi: mgeuko, kigeugeu, kioja, mshangao, hata mapinduzi. Tunaona kwamba mambo mawili yamechanganywa hapa. Jambo la kwanza ni pale safari ya hadithi inapoacha njia iliyotarajiwa: shujaa anakamatwa, rafiki anakufa, fedha zinapotea. Hili tunapendekeza liitwe mgeuko. Jambo la pili ni pale ambapo hakuna kilichoongezwa katika hadithi, ila msomaji anajulishwa neno moja linalombidi ayafikirie upya yote aliyokwisha kuyasoma. Hili tunapendekeza liitwe mpinduko wa msuko, au mpinduko tu pale ambapo maana haitapotea.

Neno mpinduko tumelichukua kwa mabaharia. Chombo kinapopinduka, abiria huwa ni wale wale na shehena ni ile ile; kilichobadilika ni kwamba chini imekuwa juu. Mgeuko ni jambo jingine: chombo kimebadili mwelekeo tu na bado kinaelea. Neno mapinduzi tumeliacha kwa sababu masikio ya watu wetu hulisikia kwanza katika siasa, na hatupendi mwanafunzi aandike katika mtihani kwamba hadithi ya upelelezi ina mapinduzi mwishoni.

Mfano wa mpinduko upo katika hadithi ya kwanza kabisa ya Batman, iliyoandikwa na Bill Finger na kuchorwa na Bob Kane, ikatoka katika Detective Comics toleo la 27 la Mei 1939. Ina kurasa sita tu. Mwanzoni kijana tajiri, Bruce Wayne, ameketi na mkuu wa polisi, Gordon, akivuta kiko kama mtu asiye na kazi. Katika picha ya mwisho mlango unafunguliwa, na anayetoka akiwa amevaa mavazi ya popo ni kijana yule yule. Leo kila mtoto anajua siri hiyo, hata ni vigumu kwetu kuamini kwamba ilikuwa siri. Lakini msomaji wa mwaka 1939 alipaswa kurudi kwenye picha ya kwanza na kuuona uvivu wa Wayne kuwa ni vazi mojawapo.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Katika toleo la 168 la Februari 1951, Finger anasimulia jinsi Batman alivyowafundisha wanafunzi wa chuo elimu ya upelelezi kwa kuwapa kesi iliyomshinda miaka kumi nyuma. Mhalifu aliyejifunika kichwa na uso kwa kofia nyekundu alijitosa katika maji machafu ya kiwanda, na hakuonekana tena. Kiwanda hicho kilikuwa cha kutengeneza karata. Mwishoni inafichuka kuwa mtu yule hakufa: dawa za kiwandani zilimgeuza ngozi ikawa nyeupe, nywele kijani na midomo myekundu, naye si mwingine ila Joker, adui mkubwa wa Batman, ambaye wasomaji walikuwa wakimjua tangu mwaka 1940 bila ya kujua alikotoka.

Kiwanda cha karata ndicho tunachokiita kidokezo, yaani jambo dogo lililowekwa mbele ya macho ya msomaji ili baadaye asiweze kusema amedanganywa. (Tofauti yake na ushahidi ni kwamba ushahidi humthibitishia hakimu, ilhali kidokezo humnong’oneza msomaji. Pale mwandishi anapoweka jambo la kumpotosha, tunashauri iandikwe kidokezo cha kuzuga.) Sasa na afikiri mfasiri: Joker ni jina la karata. Akimwita Mcheshi, ambalo ni neno zuri na lenye maana ya karibu, atakuwa amekikata kidokezo mzizi. Akilitohoa jina na kuandika Joka, watu watatazamia nyoka mkubwa. Katika hali hii tunashauri jina libaki kama lilivyo, na picha ya karata iachwe ifanye kazi yake. Baadhi ya wenzetu huona kuacha jina la kigeni ni kushindwa kwa lugha. Sisi hatuoni hivyo.

Kiswahili chenyewe kina uwezo ambao lugha nyingine hazina katika fasihi ya kuficha. Kiingereza humlazimisha mwandishi achague kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke. Akitaka kuficha hana budi kuzungukazunguka, na msomaji mwerevu humshtukia. Kwetu yeye ni yeye. “Aliingia, akapiga risasi, akatoka”: hakuna ajuaye kama ni bibi au bwana. Katika The Long Halloween faida hii ni kubwa. Msomaji ambaye bado hajakisoma kitabu atusamehe, maana hatuwezi kueleza bila ya kufichua. Alberto, mtoto wa jambazi Carmine Falcone, aliyedhaniwa kuwa ni mmoja wa waliouawa, anakamatwa na kukiri. Kisha, katika kurasa za mwisho, Gilda, mke wa Dent, akiwa peke yake anasema kwamba ni yeye aliyeanza mauaji yale, kwa kumpenda mumewe. Mfasiri wa Kiswahili aweza kumtaja mwuaji tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kusema uongo hata mara moja, mradi asijitie kuandika “jamaa huyo” au “bwana huyo” kwa ajili ya kupamba.

Kwa upande wa udugu hali ni kinyume chake. Hapa Kiswahili hutaka kujua mengi kuliko Kiingereza. Neno moja la Kiingereza lashika amu na mjomba pamoja; jingine lashika mpwa na mtoto wa ndugu mwanamume. Johnny Viti, mtu wa kwanza kuuawa katika hadithi hiyo, usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, ni mpwa wa Falcone kwa sababu mama yake, Carla, ni dada yake Falcone. Mfasiri asiyesoma mbele ataandika lolote, na akikosea ataumba ukoo usiokuwapo. Katika hadithi ambayo udugu wenyewe ndio siri, neno mjomba likiandikwa mapema litakuwa limefichua upande wa mama kabla ya mpelelezi hajaamka. Waliosoma hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, wanajua jinsi mambo ya nasaba yanavyoweza kubeba fumbo zima. Ndiyo maana tunasisitiza kanuni moja ya kazi, ingawa yaonekana ya kitoto: hadithi ya upelelezi isomwe hadi mwisho kabla ya kufasiri sentensi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye usawiri wa wahusika. Istilahi hii imekwisha kukubalika, nayo yafaa sana hapa kuliko mahali pengine, kwani kusawiri asili yake ni kuchora. Katika riwaya mhusika husawiriwa kwa maneno. Katika hadithi ya picha husawiriwa kwa mstari, kivuli, vazi, na pia kwa kile alichoandikiwa katika kiputo cha maneno. Mara nyingi picha na maneno hayakubaliani, na hapo ndipo penye utamu. Dent husema kama mwanasheria huku mchoraji ameuweka nusu ya uso wake gizani, kabla ya tindikali. Hicho ni kidokezo kilichochorwa. Mwalimu anayefundisha kwa kusoma viputo tu atakuwa amefundisha nusu ya hadithi.

Istilahi za mhusika bapa na mhusika duara tunazitumia, ingawa mwanafunzi mmoja aliwahi kutuuliza kama kuna mhusika wa kuchorwa kwenye karatasi asiyekuwa bapa. Jibu ni kwamba Dent ni duara, kwa sababu anabadilika na mabadiliko yake yana sababu. Majambazi wengi wanaompigania Falcone ni bapa. Joker huwasumbua wanaopenda kuainisha, maana habadiliki hata kidogo na bado hatabiriki.

Kuhusu Batman mwenyewe tutasema machache. Yeye ni mpelelezi, si askari kanzu, kwa kuwa hakuajiriwa na serikali; wala si jasusi, neno ambalo wengine hulitumia ovyo. Kumwita shujaa mwenye nguvu za ajabu pia si sahihi, kwani hana nguvu hizo. Ana fedha, mazoezi na akili. Jina lake liachwe Batman, na pale maelezo yanapohitajika iandikwe mtu-popo. Tuliwahi kuona rasimu moja iliyomwita Popobawa. Aliyeiandika bila shaka hakuwa Pemba mwaka 1995, watu walipokuwa wakikesha nje kwa hofu ya kiumbe wa jina hilo.

Ama Dent, baada ya kushauriana na mfasiri wetu, ataitwa Nyuso-Mbili, kwa upatanisho wa kimtu: Nyuso-Mbili amekuja, Nyuso-Mbili alirusha sarafu. Jina hili linaeleza kinachoonekana na kuiachia hadithi mengine yote. Litatumika kuanzia ukurasa ambao yeye mwenyewe anaanza kulitumia. Katika orodha ya wahusika ya mwanzoni mwa kitabu, mbele ya jina la Harvey Dent pataandikwa: mwendesha mashtaka, mume wa Gilda.