Kabla ya Kununua Televisheni Bapa, Pima Sebule Yako

Jioni moja baada ya kisomo hapa Nkuhungu, mama mmoja wa darasa letu alibaki nyuma. Mkononi alikuwa na futi ya cherehani. Akaniambia, "Mwalimu, naomba unionyeshe inchi za televisheni zinapimwa kutoka wapi hadi wapi."

Nikamwuliza kuna nini. Akaeleza kwamba mumewe ameuza alizeti, na wamekubaliana kununua televisheni bapa, hii ambayo wengi wetu tunaiita flati. Mume anataka ya inchi 55, kwa sababu jirani anayo ya inchi 43. Fedha zinatosha. Lakini zikitoka zote, watoto watafungua shule mwezi wa kwanza bila sare wala madaftari.

Swali la mama huyu linatuhusu wote. Duka limejaa televisheni zinazong'aa, na muuzaji anasifu kila moja. Je, utachaguaje? Usichague kwa macho peke yake. Chagua kwa kusoma, kupima na kuhesabu. Kazi hizo tatu umekwisha jifunza.

TULIKOTOKA

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulikaa na redio hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, kikiwemo ITV. Televisheni za siku zile zilikuwa na chogo kwa sababu ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kioo. Ya siku hizi haina chupa hiyo. Ina kioo chembamba, na nyuma ya kioo zipo taa ndogo ndogo zinazoitwa LED. Ndiyo maana ni nyepesi, na inakula umeme kidogo kuliko ya chogo yenye ukubwa ule ule.

Matangazo nayo yamebadilika. Mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo tunatumia mfumo wa dijitali, na neno king'amuzi likaingia majumbani.

1. PIMA KWANZA NYUMBANI

Inchi za televisheni hazipimwi kwa upana wala kwa kimo. Zinapimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Pima kioo tu, usipime fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, na inchi 55 ni sentimita 140.

Sasa kaa kwenye kiti chako. Mtu mwingine apime kutoka machoni pako hadi mahali kioo kitakapokuwa. Kwa matangazo ya kawaida ya king'amuzi, umbali huo uwe kama mara mbili ya mshazari, au zaidi. Tazama mfano:

Inchi 32: kaa mita 1 na sentimita 60, au zaidi.
Inchi 43: kaa mita 2 na sentimita 20, au zaidi.
Inchi 55: kaa mita 2 na sentimita 80, au zaidi.

Nyumba zetu nyingi zina sebule ya futi 10 kwa 10, yaani mita 3 kwa 3. Lakini kiti kinachukua nafasi, na meza nayo inachukua nafasi. Kutoka machoni hadi kwenye kioo zinabaki kama mita 2 tu. Ukiweka inchi 55 hapo, utaona picha imechakaa, shingo itageuka huku na huku, na macho yatachoka. Utakuwa umelipa fedha nyingi ili uone vibaya.

2. HESABU UMEME

Nyuma ya televisheni pameandikwa namba yenye herufi W. Hizo ni wati. Zidisha wati kwa saa utakazotazama, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti za LUKU.

Tuseme televisheni ina wati 60 na king'amuzi wati 15. Jumla ni 75. Ukitazama saa 4 kwa siku, 75 mara 4 ni 300. Gawanya kwa 1,000, unapata uniti 0.3. Kwa siku 30 ni uniti 9. Sasa tuseme televisheni ni kubwa, ya wati 130. Kwa hesabu ile ile utatumia uniti 17.4 kwa mwezi. Tazama risiti yako ya LUKU ujue uniti moja ni shilingi ngapi, kisha umalize hesabu mwenyewe.

Wewe unayetumia umeme wa jua, hesabu hii ndiyo roho yako. Ziko televisheni ndogo zinazotumia voti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ukinunua kubwa, itazima kabla taarifa ya habari haijaisha.

3. SOMA MAANDISHI

Namba kubwa iliyoandikwa nje ya boksi si lazima iwe inchi. Pengine ni jina la toleo tu. Toa futi yako, upime kioo pale pale dukani. Usione aya. Fedha ni zako.

Kisha tafuta maneno haya:

V ni voti. Umeme wetu ni wa voti 230. Televisheni iwe imeandikwa 220 hadi 240, au 100 hadi 240. Angalia sana ukinunua ya mtumba. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani pengine inapokea voti 100 au 120 tu, na ukiichomeka hapa itaungua.

T2 ni mfumo wa dijitali wa antena unaotumika nchini. Televisheni yenye T2 ndani yake inaweza kupokea bila king'amuzi chaneli zisizofungwa kwa malipo, mradi mawimbi yanafika kwako. Kijijini, mbali na mitambo, mara nyingi utahitaji dishi.

HD, Full HD na 4K ni wingi wa nukta zinazojenga picha. 4K ina nukta mara nne ya Full HD. Lakini televisheni haiongezi kitu ambacho hakikurushwa. Matangazo mengi tunayopokea kwa king'amuzi hayafikii 4K. Kwa kioo cha inchi 32, HD inatosha. Kwa inchi 43, tafuta Full HD.

Smart maana yake televisheni inaweza kuingia kwenye intaneti. Ni jambo zuri kama una bando la kutosha. Kama huna, unalipia mlango usioufungua.

4. IJARIBU DUKANI

Mwambie muuzaji aiwashe, hata kama boksi limefungwa. Tazama picha nyeupe: je, kuna nukta nyeusi au mistari? Simama pembeni: je, picha inafifia? Sikiliza sauti, maana televisheni nyembamba nyingi zina spika ndogo. Jaribu rimoti. Chomeka flashi. Kama una king'amuzi cha zamani chenye waya za rangi tatu, hakikisha matundu yake yapo.

Muuzaji akikataa kuiwasha, mshukuru uende duka jingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

5. DAI RISITI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya mashine ya EFD, tena isomeke aina ya televisheni na bei uliyolipa. Dai na karatasi ya waranti yenye mhuri, tarehe na namba ya televisheni yenyewe. Linganisha namba hiyo na iliyo mgongoni mwake. Karatasi hizo zitunze pamoja na boksi. Risiti ya EFD hufifia maandishi, kwa hiyo ipige picha.

Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa hizo, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Lakini bila risiti utathibitisha vipi kwamba ulinunua?

6. USIMALIZE FEDHA ZOTE KWENYE KIOO

Televisheni haifanyi kazi peke yake. Weka fungu la king'amuzi, antena au dishi, kifurushi cha mwezi, na fundi. Usisahau kifaa cha kukinga umeme, mafundi wanakiita gadi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, gadi inaweza kuokoa kioo. Lakini radi ya masika ni kitu kingine. Ukisikia ngurumo, chomoa waya wa umeme na waya wa antena.

Kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi. Weka televisheni mbali na dirisha, na uifute kwa kitambaa laini kikavu baada ya kuizima. Isiwekwe juu ya kabati linaloyumba. Mtoto akiivuta, itamwangukia. Fundi aifunge imara ukutani, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa.

YULE MAMA ALIFANYAJE?

Alirudi nyumbani na futi yake. Hakubishana. Alimwambia mumewe, "Baba watoto, kaa hapo kwenye kiti chako nikupime." Wakapata mita 2 kamili. Mume mwenyewe akashika kalamu. Sentimita 200 gawanya kwa 2 ni 100. Sentimita 100 gawanya kwa 2.54 ni kama inchi 39. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe jirani hakai kwenye sebule yangu."

Walinunua ya inchi 40, na gadi yake. Fedha zilizobaki zilinunua sare na madaftari. Siku hizi kina mama wa darasa letu wakienda kununua kitu chochote cha umeme, wanaazima kwanza ile futi.

Ndugu msomaji, chukua futi yako uanze leo. Elimu haina mwisho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kwenye kiti chako hadi ukutani ni sentimita ngapi? Televisheni ya inchi ngapi inakufaa?
2. Televisheni ya wati 50 ikiwashwa saa 6 kwa siku, itatumia uniti ngapi kwa siku 30?
3. Nyumbani kwako, nani huamua fedha za mavuno zitumike vipi? Je, wote husikilizwa?