Wababe wa Ardhi Iliyoganda

Jiji kubwa kuliko yote lililojengwa juu ya ardhi isiyoyeyuka mwaka mzima ni Yakutsk, Siberia, lenye wakazi zaidi ya 300,000. Huko nyumba huangushwa na joto lake yenyewe. Udongo umejaa barafu. Sakafu ikiupasha moto, barafu inageuka maji, ardhi inatitia na ukuta unapasuka. Ndiyo maana maghorofa yamesimamishwa juu ya nguzo za zege, chini yake pakaachwa uwazi wa kupitisha upepo wa baridi.

Kisima kikaidi kuliko vyote kiko humo humo. Mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kukichimba mwaka 1828 akitafuta maji. Kufikia 1837 kilikuwa na kina cha mita 116, na chini bado pameganda. Maji hakupata, lakini mwanasayansi Alexander von Middendorff alikitumia baadaye kupima joto la ardhi. Shergin angechimba kaskazini zaidi angekoma kabisa: kuna sehemu ambako ardhi imeganda hadi karibu mita 1,500.

Kwa werevu, taji nampa bomba la mafuta la Alaska, lililokamilika 1977. Lina urefu wa kilomita 1,287, na zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya ardhi, kwa kuwa mafuta yake ya moto yangeyeyusha ardhi iliyoganda chini yake. Ndani ya nguzo nyingi mna mirija yenye amonia, jumla zaidi ya 120,000. Wakati wa baridi amonia huchemka kwa joto dogo la ardhini, hupanda ikiwa mvuke, hupoa juu na kuteremka tena ikiwa kimiminika. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna mtu wa kuwasha swichi.

Reli inayopita juu zaidi duniani, ya Tibet (2006), inafika mita 5,072 na kuvuka takriban kilomita 550 za ardhi iliyoganda.

Fidia nzito nayo ina mwenyewe. Mei 2020, tangi la dizeli lilipasuka Norilsk, Urusi, likamwaga zaidi ya tani 20,000. Kampuni yenye tangi hilo ililaumu kuyeyuka kwa ardhi. Wakaguzi wa serikali wakataja nguzo zilizojengwa vibaya. Mahakama ikatoza fidia ya rubli bilioni 146 hivi, na kampuni ikalipa.