Ampli imeingia ndani ya kisanduku, lakini kisanduku ni cha nani?

Wandugu wasomaji, siku mukienda kwenye arusi kule Kikula ao kwenye baa ya Panda, muangalie nyuma ya mpiga gita. Pengine hamutaona ampli. Kwenye miguu yake kuko kisanduku cha chuma chenye mabutoni, na waya moja inatoka pale inaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya miksaji. Ampli iko mule ndani. Si ampli ya kweli: ni kompyuta ndogo yenye inaiga namna ampli ya lampe inatengeneza sauti.

Kitu hiki hakikuanza jana. Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 ya Marekani ikatoa POD mwaka 1998, chekundu, na umbo lake sawa haragi. Mwaka 2011 Kemper ya Ujerumani ikaleta chombo chenye kinasikiliza ampli ya kweli na kushika alama ya sauti yake. Kisha vikaja vidogo vya bei ya chini, na njo vyenye mwanamuziki wa kwetu anaweza kufikiri kununua.

Kwa muji kama Likasi, faida inaonekana. Ampli kubwa ya lampe yenye bafle mbili inaweza kupita kilo 25. Kuibeba juu ya pikipiki, kwenye barabara yenye mashimo, ni kutafuta kuvunja lampe. Kisanduku kinaingia ndani ya mufuko. Tena vingi vya vile vidogo vinakula volti 9 tu, betri inatosha. Umeme ukikatika na watu wakikimbilia kuwasha grupu, kisanduku chenye betri hakizimiki, hakianzi tena upya. Bafle za ukumbi ndizo zinangojea.

Lakini kisanduku hakipigi sebene peke yake. Sauti nyingi zenye kiwanda kimeweka mule ni za roki, zenye kukwaruza. Gita yetu inataka sauti safi: punguza besi, weka mwangwi mufupi, basi. Na sauti yenye ulitengeneza usiku ndani ya nyumba, polepole, ukiipeleka kwa ukumbi itatoka na besi nyingi na ukali wa kuumiza masikio. Itengeneze kwa nguvu ileile yenye utapigia. Jambo lingine: kama unaingia kwenye meza ya miksaji, acha ile sehemu ya kuiga bafle iwake, kama unaingia kwenye ampli ya gita, uizime.

Kuko na hasara moja kubwa. Mwenye ampli anajisikia mwenyewe. Mwenye kisanduku anamutegemea mutu wa sono: kama hakumupa bafle ya retour, anapiga kama kiziwi. Hapa njo sisi watu wa sendika tunainua kichwa, juu tunajua hadithi ya mufanyakazi mwenye hana nyundo yake.

Mwaka 1952, wakati Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean Bosco hapa Likasi, bado ikiitwa Jadotville, ilitosha gita kavu na vidole viwili. Umeme ulipoingia kwa muziki, chombo kikawa cha bei kali, na mwenye chombo akawa mukubwa. Hata OK Jazz, mwaka 1956, jina lake lilitoka kwa OK Bar ya Oscar Kashama.

Leo patro wa orkestre ananunua kisanduku, na mpiga gita anakaa miezi akitafuta sauti zake ndani yake. Siku wanagombana, kijana anatoka mikono mitupu: kisanduku kinabaki na kazi yake yote. Ile ni kazi, wandugu, sawa vile ya fundi wa Shituru, na kazi inalipwa.

Kwa hiyo ninasema mambo matatu. Kwanza, wapiga gita wafanye likelemba, kila mutu apate kisanduku chake kwa zamu. Pili, yule mwenye anatumia cha patro aweke kopi ya sauti zake kwenye kompyuta ao kle USB yake. Tatu, mbele ya kupiga, karatasi iandikwe: nani analeta sono, nani analipa mafuta ya grupu, bafle ngapi za retour, na malipo gani hata kama watu walikuja kidogo. “Rudia kesho” hailishi watoto.

Shaba iko ndani ya zile waya, na kobalti iko ndani ya betri nyingi. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Tunaichimba, inaenda mbali, inarudia kwetu na bei. Basi ikirudia, walau iwe mali ya mwenye kuipiga.