Kitabu Katika Mkoba wa Askari

Askari wa kizuizini Busitema, kando ya barabara kuu iendayo Tororo, hupimana na wageni mchana kutwa. Kitabu kizuri humnoa macho yake.

Kufa na Kupona (1974) cha Elvis Musiba husisimua mno. Kisomwe baada ya zamu, si lindoni! Hata hivyo, Willy Gamba ni mpelelezi wa hadithi. Kazi yetu ni ya kikosi.

Weep Not, Child (1964) cha Ngũgĩ wa Thiong'o ni kizito zaidi. Boro, aliyepigana Vita Kuu ya Pili, arejea hana ardhi wala kazi, mwishowe aingia msituni. Hapo twaona jinsi dhuluma izaavyo uasi.

Lakini kilichonigusa kupita vyote ni Kusadikika (1951) cha Shaaban Robert. Karama ashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye apewa siku sita za kujitetea. Raia tunayemsimamisha hahitaji siku sita. Dakika chache zamtosha. Tukimnyima hizo, twamgeuza adui kwa mikono yetu wenyewe.

Basi, ndugu askari, tusome, kisha tusikilize.