Memori ya kompyuta inasoma nusu? Usikimbilie dukani kabla ya kujua haya

Mtoto amedunduliza fedha zake, mzazi akaongeza zilizopungua, na hatimaye sehemu zote za kompyuta zimefika nyumbani. Kijana ameziunganisha mwenyewe na kompyuta imewaka. Kesho yake anapakua programu ya kuipima, furaha inakatika: boksi la memori limeandikwa 3200, programu inaonyesha 1600.

Katika nyumba nyingi neno la kwanza huwa “tumepigwa”. La pili humwendea mtoto: nani alikutuma kununua vitu usivyovijua? Fedha zimeshatoka, muuzaji anatuhumiwa, na kijana aliyefanya kazi nzuri anaanza kujiona mjinga.

Mara nyingi hapo hakuna aliyeibiwa. Namba hizo mbili ni za memori ileile, ila zimehesabiwa kwa njia mbili. Hata hivyo, zipo namba zinazoonyesha tatizo la kweli. Mzazi asiyejua kuzitofautisha anaweza kugombana bure, au akanyamaza pale alipopaswa kudai haki yake.

Nusu hiyo inatoka wapi?

Memori, ambayo wengi huiita RAM, ndipo kompyuta inapoweka kazi inayoifanya kwa wakati huo. Hufanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Mapigo hayo hupimwa kwa megahezi, na megahezi 1,600 ni mapigo bilioni 1.6 kwa sekunde.

Memori za siku hizi ni za aina ya DDR. Hizi hupitisha data mara mbili katika kila pigo, yaani linapopanda na linaposhuka. Mfikirie dereva wa bodaboda anayepeleka abiria sokoni na kurudi na abiria mwingine. Akifanya mizunguko 10, amebeba abiria 20. Ukimuuliza mizunguko atasema 10, ukimuuliza abiria atasema 20, na mara zote mbili amesema kweli.

Programu ya CPU-Z huhesabu mizunguko, ndiyo maana husoma 1600 au pungufu kidogo. Boksi na Task Manager ya Windows huhesabu abiria, hivyo husema 3200.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba maboksi mengi huandika 3200 MHz, wakati kipimo kinachostahili ni MT/s, yaani data imepita mara milioni ngapi kwa sekunde. Kibandiko kingine huandika PC4-25600. Hiyo nayo ni memori ileile: 3200 mara 8, ambayo ni idadi ya megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde.

Kipimajoto nacho kina mambo hayohayo. Kikisoma 98.6 mtoto haungui kwa homa. Kimepima kwa Fahrenheit, na kwa Selsiasi hiyo ni 37, joto la kawaida la mwili. Kabla ya kuiogopa namba, uliza kwanza imepimwa kwa kipimo gani.

Ikisoma chini ya nusu

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzidisha kwa mbili namba ya CPU-Z. Kama inasoma 1600, jibu ni 3200 na mambo yameisha. Lakini kama inasoma 1066, 1200 au 1333, jibu ni 2133, 2400 au 2666. Hapo memori inakwenda polepole kuliko ilivyonadiwa.

Bado hilo peke yake si wizi. Memori nyingi za DDR4 zinapochomekwa mara ya kwanza huendeshwa kwa kasi ya kawaida iliyomo kwenye viwango vya JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya memori duniani. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi imehifadhiwa ndani ya kipande cha memori kama mpangilio uitwao XMP, na sharti mtu auwashe. Kwa DDR5 mambo ni hayohayo: boksi linaweza kusema 6000 na kompyuta ikaonyesha 4800. Memori nyingine za DDR5 zina mpangilio wa EXPO, uliotengenezwa kwa ajili ya prosesa za AMD.

Kuuwasha si kazi ngumu. Kijana anawasha kompyuta upya huku akibonyeza Delete au F2 mfululizo ili kuingia BIOS, anatafuta neno XMP au EXPO, analiwezesha, anahifadhi na kutoka.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Nchini Marekani, wanunuzi waliilalamikia kampuni ya Corsair kwamba kasi iliyotangazwa kwenye memori zake haipatikani bila kubadili mipangilio. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 5.5 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

Kasi ya boksi ina masharti

XMP huisukuma memori kupita kasi ya kawaida, na kwa DDR4 mara nyingi huongeza umeme kutoka volti 1.2 hadi 1.35. Si kila bodi na prosesa zinamudu. Kompyuta ikianza kuganda au kujizima baada ya XMP kuwashwa, irudishwe ilivyokuwa, kisha memori ipimwe kwa programu kama MemTest86.

Mzazi pia ajue kasi hiyo inamsaidia nani. Kwa kazi za shule, kuandika na kutazama video, tofauti ya 2400 na 3200 ni vigumu kuiona. Michezo ndiyo huihisi, hasa kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha ya pekee. Kwa hiyo namba ndogo si sababu ya kununua memori nyingine.

Angalia pia vipande vimechomekwa wapi. Kwenye bodi yenye nafasi nne, vipande viwili mara nyingi hukaa ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Kitabu cha bodi kitathibitisha. Vikikaa vibaya, namba ya kasi haibadiliki, lakini njia ya kupitishia data inaweza kubaki nusu. Na ukichanganya kipande cha 3200 na cha 2400, vyote hufuata kile cha polepole.

Lini urudi dukani?

Rudi kama ukubwa hautimii, mfano umelipia gigabaiti 16 na CPU-Z inaonyesha 8, ilhali umeshahakikisha vipande vyote vimekaa sawasawa.

Rudi kama ukurasa wa SPD wa CPU-Z, unaosoma kilichoandikwa ndani ya kipande, hauonyeshi popote kasi ya kwenye boksi. Kumbuka hapo pia namba huandikwa kwa nusu: 3200 utaiona kama 1600. Linganisha na namba ya bidhaa iliyo kwenye kibandiko. Zikitofautiana, huenda umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Rudi pia kama kipimo cha memori kinatoa makosa hata XMP ikiwa imezimwa. Huenda hicho ni kipande kibovu.

Siku ya kwanza kompyuta inapowaka, piga picha ya kurasa hizo mbili za CPU-Z, memori na SPD, kisha tunza picha, boksi na risiti pamoja. Ukiwa na vitu hivyo utazungumza na muuzaji kwa ushahidi. Na kabla ya kumlaumu mtoto, mwombe akuzidishie namba kwa mbili.