Samaki Sebuleni, Mwenyewe Safarini

Ile kamera ndogo nyeupe yenye kichwa kinachozunguka, ambayo watu huinunua Kariakoo kulindia duka au kumwangalia mtoto aliyelala, imepata kazi nyingine. Siku hizi utaikuta sebuleni, juu ya stuli, ikilitazama tangi la samaki. Mwenye tangi yuko Dodoma kwenye semina, au yuko Muscat kwenye mkataba wa miaka miwili, na kila akipata nafasi anafungua simu kuona samaki wake wanaendeleaje.

Usiku wa kwanza ndio unaomvunja moyo. Taa ya tangi ikizimwa, kamera hujiwashia mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Kwa chumba cha kawaida mwanga huo unatosha. Mbele ya tangi hugonga kioo na kurudi kwenye lenzi, na simuni unaona duara jeupe basi. Hata ule unaofanikiwa kupenya hauendi mbali, maana maji hunyonya infraredi upesi kuliko yanavyonyonya mwanga wa buluu. Zima infraredi kwenye mipangilio ya programu, kisha weka juu ya tangi kitaa hafifu cha buluu kitakachobaki kinawaka usiku. Mchana tatizo ni mng'ao: dirisha, luninga, hata shati jeupe la mtu anayepita, vyote hujichora juu ya samaki. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo, ikitazama mbele bila kupinda, na uizungushie kitambaa cheusi. Ukiona mistari inacheza kwenye picha, tafuta mahali programu inapouliza 50 au 60. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50.

Wazo lenyewe lina umri wa mtu mzima. Mwaka 1994 Lou Montulli, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa kampuni ya Netscape huko Mountain View, California, alielekeza kamera kwenye tangi la samaki la ofisini na kuzirusha picha zake mtandaoni. Wenzake wakaingiza mzaha ndani ya kivinjari chao: ukibonyeza Ctrl, Alt na F kwa pamoja, unapelekwa moja kwa moja kwa samaki hao. Montulli huyohuyo ndiye aliyebuni vidakuzi, yale mabaki ambayo tovuti hukuachia kwenye kompyuta ili ikujue ukirudi tena. Kwa maoni yangu samaki ndio walikuwa wazo lake bora.

Ila samaki wa Netscape walikuwa wa kutazamwa tu. Mfugaji aliye safarini anataka ulinzi, na hapo ndipo kamera inapoweza kumpa amani ya bure. Vinavyoua samaki wa nyumbani havina rangi. Amonia inayotoka kwenye matamvua na kwenye chakula kilichooza haionekani, hata maji yakiwa meupe kabisa. Oksijeni nayo ni hivyohivyo: maji ya nyuzi 25, hata yakishiba hewa, hubeba takriban miligramu 8 kwa lita, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba pungufu. Waliofuga samaki wa Ziwa Tanganyika wana la ziada la kuhofia. Maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu. Kosa ambalo tangi jingine lingelisamehe, hili halisamehe.

Kwa hiyo mfugaji mjanja huipa kamera kitu cha kusoma. Kipimajoto cha namba kubwa hubandikwa ndani ya upeo wa lenzi. Bomba la hewa huwekwa mahali ambapo mapovu yake yanaonekana, kwa sababu mapovu yakikata, pampu imesimama. Kipande cha utepe kwenye kioo huonyesha maji yalikuwa wapi siku ya kuondoka. Baada ya hapo ndipo unawatazama samaki wenyewe, na cha kutafuta ni kimoja kabla ya vyote: je, wamekusanyika juu wakihema kwenye uso wa maji? Hao wanalia, na unayo saa moja au mbili, si siku.

Umeme ukikatika, ruta inazimika, kamera inazimika, na simu inakuambia tu kwamba kifaa hakipatikani. Usikimbilie kulaumu bando. Wakati huohuo chujio limesimama, na bakteria wanaokaa ndani yake, ambao kazi yao ni kuigeuza amonia isidhuru, huanza kufa kwa kukosa oksijeni ndani ya saa chache. Umeme ukirudi, chujio linaweza kuyatema maji yaliyooza ndani ya tangi. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningeacha kununua kamera ya pili na kununua pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka. Ya pili katika orodha ni betri ya kuishikilia ruta.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi: video ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Chungulia, funga. Na zile arifa za "kuna kitu kimesogea" zizime siku ya kwanza, kwani tangini kila kitu kinasogea.

Lakini kamera haina mkono. Mwenye mkono ni dada wa kazi, au mdogo wako aliyebaki nyumbani, na mara nyingi hatari inatokana na huruma yake. Samaki akimwona mtu hukimbilia kioo, mtu anadhani ana njaa, kopo linafunguliwa.

"Dada, umeshawapa chakula leo?"

"Nimewapa, baba, lakini bado wanakuja kiooni kuniomba."

"Waache waombe. Hao hata uwape gunia wataomba."

Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki bila kula. Asiyeamini hilo na afunge chakula kwenye vikaratasi, kila siku na chake, kopo alifiche. Na hata kama kamera ina kipaza sauti, piga simu ya kawaida kwanza. Sauti ya baba ikitoka ghafla juu ya kabati ni ya kumtoa mtu roho bure.

Kuna samaki ambao kamera inawafaa kuliko jicho lako. Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, ambaye hafiki hata urefu wa kidole, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono wa ziwa hilo. Ukisogea karibu anazama ndani ya kombe, unabaki unatazama mchanga. Ukiwa mbali, kamera inakuonyesha jamii nzima kazini: wanachimba, wanasukuma mchanga kwa mdomo, wanagombea mpaka na jirani, na watoto wanatokeza mlangoni. Aliyekaa mbele ya tangi hilo kwa miaka anaweza kuwa hajayaona hayo.

Lipo pia suala la nani mwingine anatazama. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera za nyumbani kwa kutumia tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Mwaka uliofuata kampuni ya usalama wa mitandao ya Darktrace ilieleza jinsi wezi walivyoingia kwenye mtandao wa kasino moja ya Amerika Kaskazini kupitia tangi la samaki lililounganishwa na intaneti, wakahamisha gigabaiti 10 za data hadi Finland. Kwa hiyo badilisha nywila ya kamera kabla hata hujaitundika. Na sebuleni wanakaa watu: dada anayepumzika mchana, mgeni aliyekuja na siri zake. Waambie kwamba kamera ipo, zima maikrofoni yake, na uisogeze mpaka kioo cha tangi kijaze picha yote, kochi lisionekane.